Mchezaji ana ulemavu, gemu inamshinda: kagua hapa kwanza

Nina banda la gemu lenye TV nne, PS4 tatu na kompyuta moja ya mtumba. Kurasa za nyuma za daftari langu la madeni zimejaa mambo mengine kabisa: kila mchezaji mwenye ulemavu akikwama, naandika alichosema, na tukishapata dawa naandika tatizo lilikuwa nini. Mwongozo huu umetoka humo. Nimeupanga kwa dalili, maana mtu haji bandani akasema "nina tatizo la ufikivu". Anasema "bosi, pedi yako mbovu".

Kabla ya dalili yoyote, muulize mchezaji mwenyewe, si aliyemleta, ni wapi hasa panamshinda. Kisha kaa umtazame akicheza dakika tano bila kumshika mkono. Na ujue menyu ilipo: kwenye PS4, PS5 na Xbox ingia kwenye mipangilio utafute palipoandikwa Accessibility, yaani mipangilio ya kumrahisishia mwenye ulemavu; kwenye simu ya Android iliyowekwa Kiswahili tafuta neno kama ufikivu. Ndani ya gemu yenyewe kuna menyu nyingine, mara nyingi imejificha chini ya vitufe, picha au sauti. Mengi ya yafuatayo hayagharimu hata shilingi.

Dalili: "Vidole haviwahi", au anatumia mkono mmoja

Hii inaongoza kwenye daftari, na sababu ya kwanza wala si vidole. Ni pedi kuteleza. Mama mmoja alinijia na kijana wake mwenye mtindio wa ubongo. "Kaka, huyu mpira anaupenda, ila pedi inamshinda. Mwache akae aangalie wenzake." Nikamtazama kijana. Kila akibonyeza kitufe cha R2 ili akimbie, pedi inazunguka pajani na kidole gumba kinachomoka kwenye kijiti. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakitandika juu ya ubao wa kukatia mboga, ubao ukakaa mapajani na pedi juu ya mpira. Akapiga pasi tatu mfululizo. Alifungwa nne bila, sawa, lakini siku ileile mimi nilifungwa tano na mikono yangu yote ni mizima.

Kwa hiyo anza na kikao. Miguu ifike chini au ipate kigoda, viwiko viegemee kitu, mgongo ushikwe na kiti. Mtu ambaye kiwiliwili kinayumba anatumia mikono kujishikilia, haibaki mikono ya kuchezea.

Sababu ya pili ni kitufe kukaa mahali asipofika. Kipange upya. PS4 na Xbox One zinaruhusu hilo kwenye mfumo wenyewe tangu 2015, Nintendo Switch tangu 2020. Mwenye mkono wa kushoto tu ahamishiwe kazi za upande wa kulia kwenye L1, L2 na mishale. Kuna mitego, na yote nimeishaingia. Gemu haijui kuwa umebadilisha, kwa hiyo kwenye skrini itaendelea kusema "bonyeza X" wakati X imehamia L1. Mimi hubandika vipande vya gundi ya rangi juu ya vitufe. Ukibadilisha kwenye mfumo na pia ndani ya gemu, mabadiliko mawili yanavurugana na utadhani pedi ina pepo. Badilisha sehemu moja tu. Na kama una banda, zima mpangilio huo mchezaji akiondoka, la sivyo mteja anayefuata atabonyeza pasi, mpira uende shuti, na atataka hela yake.

Sababu ya tatu: gemu inataka kitufe kishikiliwe muda mrefu au kigongwegongwe. GTA ndiyo bingwa wa mateso haya, maana kukimbia ni kugongagonga X mpaka kidole kichoke. Tafuta ndani ya gemu chaguo la kubonyeza mara moja badala ya kushikilia, au kushikilia badala ya kugonga. Gemu kubwa za miaka ya karibuni nyingi zinalo. FIFA kwa matoleo kadhaa imekuwa na mpangilio wa vitufe viwili tu, pasi na shuti, mengine inajifanyia yenyewe. Vijana wanaucheka, lakini nimeona mtu aliyepata kiharusi akiwafunga nao.

Kwenye kompyuta kuna msaada unaoitwa Sticky Keys, unaomwezesha mtu wa kidole kimoja kubonyeza Shift na kitufe kingine kwa zamu. Wasiouhitaji wanaujua kama lile dirisha linaloruka katikati ya mechi ukigonga Shift mara tano. Wengi huuzima wote kwa hasira. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya watu wengi: zima njia ya mkato ya Shift mara tano tu, msaada wenyewe ubaki unapatikana kwenye mipangilio. Kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, kuna pia uwezo wa kukifanya kitufe kijirudie chenyewe. Angalizo: gemu nyingi za mtandaoni huhesabu kujirudia huko kuwa udanganyifu na hufungia akaunti. Kama hujasoma masharti yake, tumia kwenye gemu za nje ya mtandao.

Sababu ya nne ni vijiti viwili kwa wakati mmoja, kimoja kutembea na kingine kugeuza kamera. Xbox tangu 2017 inaruhusu pedi mbili zihesabike kama moja, na PS5 ilipata kitu hicho 2023: mchezaji anashika pedi moja, rafiki anashika ya pili na kumgeuzia kamera. PS4 haina. Huko chagua gemu ambazo kamera inajifuata yenyewe, yaani mpira, ngumi na mbio za magari.

Mwisho kabisa ndiyo ununue kifaa. Xbox Adaptive Controller, pedi maalumu kwa wenye ulemavu, ilitoka 2018 kwa takriban dola 100 za Marekani, Access, pedi kama hiyo ya PS5, ikatoka Desemba 2023 kwa takriban dola 90, na bei hizo hazina usafiri wala vitufe vya kuongezea. Nimeona familia ikichangishana kununua kifaa, kumbe tatizo lilikuwa urefu wa kiti.

Simama hapa. Ganzi, maumivu yanayobaki baada ya mchezo, au mkono unaozidi kukakamaa ni kazi ya mtaalamu wa utengemao (wa kurudisha uwezo wa mwili) hospitalini, si ya mpangilio wa vitufe. Mtu asiyehisi makalio kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo asikae muda mrefu bila kuinuliwa au kuhamisha uzito. Vidonda vya mgandamizo huanza kimya na hupona kwa miezi. Na kama jeraha lake liko juu, kuanzia katikati ya kifua kwenda shingoni, akaanza ghafla kuumwa kichwa cha kugonga, jasho likamtoka usoni na uso ukawaka, mwache akae wima, legeza mkanda na nguo, kagua kama mpira wa mkojo umejikunja. Presha inaweza kupanda kiasi cha kuua. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa, na ubishi wa kumaliza mechi kwanza ni njia rahisi sana ya kukijaza. Isiposhuka haraka, mkimbize hospitali.

Dalili: kitufe cha nje kimechomekwa, hakuna kinachotokea

Vitufe vya nje ni swichi kubwa zinazobonyezwa kwa ngumi, kiwiko, goti au kichwa. Huchomekwa kwenye pedi maalumu kwa plagi ya milimita 3.5, ileile ya hedifoni. Adaptive Controller ina matundu 19 ya namna hiyo mgongoni na mawili ya USB pembeni kwa ajili ya vijiti. Access ina manne.

Kwanza, plagi haijaingia mpaka mwisho. Isukume hadi uhisi imenasa. Unacheka, lakini nusu ya kesi zangu ni hii.

Pili, tundu si lenyewe. Kila tundu ni kitufe chake, soma alama juu yake. Kijiti cha USB kikichomekwa kulia badala ya kushoto kinageuza kamera wakati mchezaji amesimama palepale, na mtu atalalamika kuwa "hatembei".

Tatu, kifaa na mashine haviendani. Adaptive Controller ni ya Xbox na kompyuta za Windows. Access ni ya PS5, wala si ya PS4. Muuzaji akikuambia "inaingia kote", mwambie aichomeke mbele yako.

Nne, plagi ya aina nyingine. Swichi inataka plagi ya mono, yenye mstari mmoja mweusi. Waya uliokatwa kwenye hedifoni zenye maiki una mistari mitatu na utakupotezea jioni nzima.

Tano, waya umekatika kwa ndani. Weka multimita kwenye mlio, ncha moja ishike kichwa cha plagi, nyingine shina lake. Ukibonyeza ilie, ukiachia inyamaze. Ikilia muda wote, nyaya zimegusana ndani. Ikilia tu unapoukunja waya, umekatika karibu na plagi, palepale zinapokatikia chaja za simu.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, kitufe cha kengele ya mlangoni kinafaa sana: kinawasha kikibonyezwa, kinazima kikiachiwa. Toboa kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, kifunge humo, unganisha nyaya mbili na plagi ya mono kwa risasi ya kuchomelea. Usitumie swichi ya taa. Hiyo ikibonyezwa inabaki imewaka, na straika wako atakimbia mpaka nje ya uwanja, kwenye bango la matangazo, bado anakimbia.

Simama hapa. Swichi hizi hazitakiwi kukutana na umeme wa ukutani kwa njia yoyote, na usichukue umeme kwenye betri ya kiti mwendo cha umeme ili kuendeshea kitu kingine. Betri iliyovimba au pedi inayochemka, chomoa na umpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki. Na usimfunge mtu swichi shingoni au kichwani kwa mkanda. Swichi ya kidevu au kichwa hufungwa kwenye mkono wa chuma ambao anaweza kujitoa mwenyewe, na mtaalamu wa utengemao ndiye anayepima mahali pake.

Dalili: anawapasia wapinzani

Dogo mmoja alikuwa anacheka kila akipoteza mpira, tukadhani anatania. Timu yake ilivaa nyekundu, wapinzani kijani. Kwake zote zilikuwa rangi ya udongo. Wazia dabi ya Simba na Yanga, nyekundu kwa kijani, halafu jezi zote zichovywe kwenye maji ya matope. Upofu wa rangi wa aina hii hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huonekana zaidi kwa wanaume. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama mmoja katika kila 12.

Dawa ya kwanza ni jezi. Nyeupe kwa nyeusi, au njano kwa bluu iliyokolea. Pili, mipangilio ya upofu wa rangi ndani ya gemu; jaribu kila aina iliyopo, kwa sababu mchezaji mwenyewe huenda hajui yake ni ipi, na atakayechagua ni yeye, si wewe unayeona skrini imekuwa ya ajabu. Tatu, kichujio cha mfumo mzima: PS5, Xbox, Android na Windows vinacho. PS4 haina, rudi kwenye jezi. Kwa anayetengeneza gemu, tiba ni rahisi kuliko kichujio: usiache rangi ibebe habari peke yake, weka na umbo au alama.

Dalili: anasogelea TV mpaka pua inagusa

Kagua dirisha kabla ya macho. Jua la saa tisa likigonga skrini, hata mimi sioni saa ya mchezo. Kisha mpangilio wa picha wa TV: ule wa rangi kali unaotumika dukani unaunguza weupe na kumeza giza. Halafu angalia kingo, TV nyingi hukata pembe za picha na matokeo yote yamekaa huko.

Baada ya hapo ongeza ukubwa wa maandishi na ukolezaji wake kwenye mfumo. Kwenye PS4, ukishawasha ukuzaji ndani ya Accessibility, kitufe cha PS pamoja na cha mraba vinakuza skrini papo hapo. Kwenye kompyuta ni kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha. Ukuzaji unafaa kwa menyu, si kwa mechi yenyewe, maana unaona kona moja tu.

Wachezaji wangu wawili wana ualbino. Mwanga mkali unawaumiza, macho hutikisika, na miwani husaidia kwa kiasi tu kwa sababu kasoro iko kwenye retina. Kwao punguza mwangaza wa skrini, chagua menyu nyeusi, ruhusu kofia. Na waache wasogee. Kukaa karibu na skrini hakumharibii macho, ndivyo anavyoona. Mzazi mmoja alikuwa anamvuta mwanawe nyuma kila baada ya dakika mbili, tukamaliza nusu saa bila mtoto kuona goli hata moja.

Simama hapa. Kama mtoto hajawahi kupimwa macho, apimwe kabla hujahangaika na mipangilio. Huenda ni miwani tu. Pazia jeusi au miale inayotokea ghafla, jicho jekundu lenye maumivu, au mboni ya mtoto inayong'aa nyeupe kwenye picha, ni hospitali siku hiyohiyo.

Dalili: haoni kabisa, na menyu inamtupa

Kwenye simu, lalamiko la kwanza ni "gemu haigongeki". TalkBack, yaani kisoma skrini cha Android, ikiwa imewashwa, mguso mmoja unasoma na miguso miwili ndiyo inayofungua, kwa hiyo gemu ya kutelezesha kidole haipati kitu. Ikiwa gemu ina sauti zake, simamisha TalkBack kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti sekunde chache, kisha iwashe tena vivyo hivyo. Lalamiko la pili ni sauti kusoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka leo kwenye ndege. Ingia kwenye mipangilio ya matamshi ya maandishi uchague sauti ya Kiswahili. Google wanayo, na eSpeak NG pia. Kisoma skrini cha PS5 hakizungumzi Kiswahili, hilo mwambie mapema.

Kwenye kompyuta tumia kisoma skrini cha NVDA, ni cha bure. Ikinyamaza ndani ya gemu ujue maandishi ya humo ni picha. Bonyeza kitufe cha NVDA, kwa kawaida Insert, pamoja na R, nayo itajaribu kusoma herufi zilizochorwa kwenye skrini. Kisha unatembea kwa mishale, na Enter inabonyeza pale ulipofika. Ikirudisha utupu, toa gemu kwenye skrini nzima uiweke kwenye dirisha. Ni njia ya kubangaiza, lakini imenivusha menyu nyingi.

Halafu sauti, na kwa wasioona hapa ndipo daftari langu limejaa zaidi. Mchezaji asiyeona anamtafuta mpinzani kwa sikio: ngumi ikitokea kushoto, hedifoni ya kushoto inalia. Hedifoni zikivaliwa kinyume amegeuziwa ramani. Kagua herufi L na R kwanza. Kisha kagua kama mtu amewasha sauti ya mono, ambayo inachanganya pande mbili kuwa moja. Jumamosi moja nilihangaika saa nzima na kijana aliyekuwa anapigana na hewa, kumbe asubuhi yake nilikuwa nimeiwasha mono kwa ajili ya mzee asiyesikia sikio moja. Kilichomponya mmoja kilimharibia mwingine. Siku hizi ukutani kwangu kuna karatasi: kabla ya kuanza, rudisha mipangilio.

Ikibaki kuwa gemu yenyewe haina msaada wa sauti, badilisha gemu. Street Fighter 6 ya 2023 ina sauti zinazokuambia umbali wa mpinzani. The Last of Us Part II ya 2020 ina mipangilio zaidi ya 60, na wasioona wameimaliza. Forza Motorsport ya 2023 ina msaada wa kuendesha gari bila kuona. Zote zinataka mashine au bei ambayo banda la mtaani halina, nalijua hilo. Kwa ngumi za zamani zenye stereo nzuri mtu mwenye mazoezi bado atakuchapa.

Dalili: hasikii, anauawa kutokea nyuma

Sabtaito zimezimwa, ndiyo sababu ya kawaida. Washa, kuza, weka kivuli nyuma ya maandishi. Ya pili, mtetemo wa pedi ulizimwa ili kutunza chaji. Urudishe, kwa kiziwi huo ndio mlio wa risasi. Ya tatu, gemu inatoa habari kwa sauti tu. Fortnite ina chaguo la kuonyesha sauti kama alama kuzunguka skrini, na PUBG Mobile huonyesha nyayo na risasi kwenye ramani ndogo. Kwa mazungumzo ya wenzake hapo bandani, programu ya Live Transcribe ya Android huandika Kiswahili kinachosemwa, ila kelele za banda huivuruga. Weka simu karibu na msemaji.

Kuna sababu ambayo watu huipita. Sabtaito ni za Kiingereza. Kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama anasoma hapo lugha ya pili au ya tatu, tena mbio. Forza Horizon 5 iliongeza wakalimani wa lugha ya alama mwaka 2022, lakini ni ya Marekani na ya Uingereza. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine. Suluhisho langu ni kusimamisha gemu mwanzoni na rafiki yake amfafanulie hadithi kwa alama. Inachukua muda, na kwenye muda huo simtozi.

Kifaa cha kusikia kikipiga filimbi chini ya hedifoni, tumia kubwa zinazofunika sikio lote bila kukibana. Simama ukiona usaha, maumivu, au usikivu umepotea ghafla ndani ya siku moja. Huo wa mwisho ni dharura, si suala la kuongeza sauti.

Dalili: mwanga wa skrini unamdhuru

Hapa mpangilio unageuka: kwanza simamisha mchezo, sababu baadaye. Mtu akisema anaona mwako, mkono unashtuka wenyewe, au anakodoa bila kujibu, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke. Kufunika jicho moja kunapunguza athari kuliko kufumba yote mawili, maana mwanga mkali hupenya kope.

Kati ya watu 100 wenye kifafa, kama watatu hivi ndio huamshwa na mwanga unaomweka, wengi wao watoto na vijana. Katuni ya Pokémon iliyorushwa Japani tarehe 16 Desemba 1997 ilipeleka mamia ya watoto hospitali kwa mwako wa nyekundu na bluu wa sekunde chache. Kanuni wanayofuata watengenezaji ni isizidi mimweko mitatu kwa sekunde. Kwa mchezaji mwenye historia hiyo: taa ya chumba iwake, akae mbali na skrini, mwangaza upunguzwe, zima mimweko na mtikisiko wa kamera, asicheze akiwa na usingizi au ameruka dawa. Lakini haya yanapunguza tu. Ruhusa ya kucheza anatoa daktari wake.

Akianguka: tazama saa. Ondoa viti na nyaya, weka kitu laini chini ya kichwa, mtetemeko ukiisha mlaze kwa ubavu. Usitie kijiko mdomoni, usimkandamize, usimmwagie maji. Na mate yake hayakuambukizi chochote. Nimeona vijana watano wakirudi nyuma ukutani kwa sababu ya hilo huku mwenzao anagonga kichwa kwenye saruji. Ikipita dakika tano, ikirudia, au ni mara yake ya kwanza, hospitali bila kungoja.

Kichefuchefu na kizunguzungu ni jambo dogo zaidi: zima ukungu wa mwendo, panua eneo la kuona la kamera, pumzika.

Dalili: "Gemu inakimbia sana"

Kwa wenye ulemavu wa akili au usonji, mara nyingi tatizo ni vitu vingi kwa pamoja. Zima muziki, acha sauti za mchezo. Punguza spidi pale inapowezekana. Gemu ya Celeste ya 2018 inashuka hadi nusu. Chagua hali ya mazoezi isiyo na saa. Akiziba masikio, punguza sauti ya banda, si ya TV yake tu.

Dalili: gemu ni yako, na wachezaji wanasema TalkBack inasoma utupu

Hii nawaandikia vijana wanaotengeneza gemu za simu. Injini ya gemu huchora kila kitu kwenye turubai moja, kwa hiyo Android inaona mstatili mmoja usio na jina. Vitufe vyako vizuri havipo kabisa kwake. Kagua kwanza toleo la injini. Unity ilileta njia ya kuzungumza na visoma skrini vya simu kuanzia 2023.2, na Godot 4.5 ya 2025 ikaleta ya kompyuta. Kisha kila kitufe kipe jina, na mpangilio wa kusomwa ufuate mantiki, si ulivyoviburuta kwenye skrini. Kama huwezi kubadilisha injini, rekodi sauti yako ukitamka menyu na uichomeke humo. Menyu ina maneno kumi, ni kazi ya nusu saa.

Usijipime mwenyewe kwa kufumba macho, utachungulia. Mpe asiyeona simu, umlipe muda wake, na ukae kimya mpaka aanze mechi ya kwanza.